The Zombies wa St Albans: mono au stirio, na tufuate nini baada ya Odessey and Oracle?

ZamuYaUsiku aliandika:

Habari za humu ndani, wapenzi wa santuri za zamani. Mimi ni mgeni, mnipokee.

Ninahudumia wazee hapa Hertfordshire, Uingereza, zamu ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Miongoni mwa wazee wangu yuko mmoja ambaye kumbukumbu zake huja na kuondoka. Kuna siku bintiye anapomtembelea anamwita kwa jina la dada yake marehemu. Lakini weka santuri yake moja tu, utamwona anakaa vizuri kitini, anafumba macho, anaimba. Wala haimbi ile sauti ya mbele ambayo hata mimi nimeshaishika. Anaimba sauti ya katikati, ile iliyojificha nyuma ya mwimbaji, na sijamsikia akikosea hata mara moja. Alichokula mchana hakikumbuki. Sauti ya pili ya wimbo wa mwaka 1967 anayo yote.

Santuri yenyewe ni Odessey and Oracle ya The Zombies. Jalada limejaa maua na rangi, pembe moja imelika. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani mimi ndiye nimesahau jinsi Odyssey inavyoandikwa, hadi nikafungua kamusi. Kumbe kosa ni la mchoraji wa jalada, na hakuna aliyeliona mapema. Sasa nimelizoea kiasi kwamba nikiliona neno hilo limeandikwa sawasawa naona kama limepungukiwa.

Bendi za Uingereza za miaka ya sitini nilizozijua mimi ni zile mbili tatu zinazojulikana na kila mtu. Hawa sikuwahi kuwasikia. Lakini kwa muda wa miezi minne sasa, dawa zikishagawiwa na korido ikitulia, naweka upande wa kwanza. Unaanza na Care of Cell 44, piano inaruka kama mtoto kwenye kamba, sauti zinapanda moja juu ya nyingine bila chombo, halafu besi inaingia kwa kishindo. Niliuimba wimbo huo wiki nzima kabla sijayategea masikio maneno yake. Ni barua. Mtu anamwandikia mpenzi wake aliyeko gerezani, anamweleza watakavyoishi akitoka. Wimbo una furaha ya harusi na habari zake ni za gerezani! Usiku ule nilisimama mlangoni pa chumba na shuka mikononi, nikausikiliza hadi mwisho, ndipo nikaendelea na kazi.

Sasa shida yangu. Santuri imechoka. Inaruka katikati ya Beechwood Park, na kila inaporuka mzee hufumbua macho akatazama mlango kama mtu aliyeitwa. Siku yake ya kuzaliwa inakaribia, na bintiye ameniomba nichague nakala mpya kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa naye usiku. Dukani nikaulizwa: mono au stirio? Sikuwa na jibu. Mjue pia kwamba sikio lake la kushoto halisikii kabisa. Spika moja iko mezani kuliani kwake, nyingine iko mbali, kule dirishani.

Pili, baada ya santuri hii tufuate nini?

Tatu ni jambo linalonisumbua. Kuna usiku mmoja akili yake ilitulia kabisa, akanisimulia kwamba ujanani aliwahi kucheza dansi bendi hii ikipiga kwenye ukumbi mmoja wa mji wa St Albans, kabla hawajarekodi chochote. Kisha akasema siku aliyoinunua albamu hii, vijana wenyewe walikuwa wameshaachana. Nilidhani amechanganya mambo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, watu wanaoweza kutengeneza kitu kama hiki wanaachanaje kabla hakijatoka?

KinandaChaKale alijibu:

Dada ZamuYaUsiku, karibu sana. Mnunulie mono. Kwa mtu wa sikio moja hapo hakuna hata mjadala.

Stirio nyingi za miaka ile ziligawa vyombo huku na huku, kana kwamba wapigaji wamegombana kila mmoja akaenda ukutani kwake. Mzee wako, kwa jinsi ulivyopanga spika zile, anapata nusu ya bendi kamili na nusu nyingine kwa mwangwi. Mono inatoa kila kitu kwenye spika zote mbili. Spika ya kuliani kwake itamletea watu wote watano.

Halafu kuna hadithi yake. Mono ndiyo waliyoikusudia. Kampuni ya santuri ya CBS iliwapa pauni 1,000 kutengeneza albamu nzima, nao wakazitumia zote wakamaliza kazi kwa mono, kama ilivyokuwa desturi Uingereza wakati huo. Ndipo kampuni ikasema inataka na stirio. Fedha hakuna. Rod Argent na Chris White, ambao ndio walikuwa watunzi na ndio waliokuwa na kipato cha utunzi, wakatoa pauni 200 mifukoni mwao. Na kuna wimbo mmoja, This Will Be Our Year, uliokataa kabisa kugawanyika. Tarumbeta zake zilipigwa moja kwa moja wakati mono inachanganywa, kwa hiyo hakuna kanda yenye tarumbeta hizo peke yake. Kwenye stirio ya kwanza waliuchukua uleule wa mono wakautanua kwa ufundi. Ukiusikiliza katika mono ndipo uko nyumbani kwake.

Mimi nafundisha kwaya, kwa hiyo nisamehe nikikaa hapa kidogo. Ulipoandika kwamba anaimba sauti ya katikati nilisimama nikatembea chumbani. Dada, huyo mzee aliimba kwaya akiwa mtoto. Muulize bintiye. Sauti ya juu kila mtu anaibeba, ya chini inakwenda na besi, lakini ya katikati haishikiki mpaka uwe umewahi kusimama kati ya watu wawili wanaoimba vitu tofauti na wewe ukabaki palepale pako.

Na The Zombies ni bendi ya namna hiyo hasa. Rod Argent aliimba utotoni katika kwaya ya kanisa kuu la St Albans. Bendi nyingi za wakati wake zilijifunza kuimba pamoja kwa kusikiliza santuri za Marekani. Huyu alikuwa ameshajazwa sauti za kanisa kabla hajagusa muziki wa dansi. Sikiliza A Rose for Emily. Piano na sauti za watu, basi. Walijaribu kuweka chelo, ikarekodiwa, wakaiacha nje, na walifanya sawa. Ule wimbo unamhusu mwanamke anayezeeka peke yake huku akiwapa wapendanao maua ya bustani yake. Ukimwekea chelo unamlilia. Bila chelo unamtazama tu, na ndivyo anavyokuumiza zaidi. Kisha sikiliza Changes, uangalie vile sauti zinavyoingia kama kundi moja juu ya ngoma za mkono. Nimeshaifundisha kwaya yangu kwa kutumia mfano huo, na sopran wangu wawili wamekuwa mashabiki.

Walirekodi sehemu kubwa pale studio za Abbey Road, London, kuanzia Juni 1967, The Beatles wakiwa wametoka tu kumaliza albamu yao ya Sgt. Pepper. Mafundi mitambo walikuwa Geoff Emerick na Peter Vince. Mellotron ya John Lennon ilikuwa imeachwa studioni, Rod akaikuta, akaitumia. Zile zeze na filimbi unazozisikia, hakuna mtu anayezipiga. Ni kinanda kinachochezesha kanda. Kwangu mimi huu ni mfano wa jinsi chombo kinavyokuwa na bahati ya kukutana na mtu. Mellotron ikiwa mikononi mwa wengi hugeuka ukungu unaofunika wimbo wote. Rod aliiandikia kama anavyoandikia sauti ya tatu ya kwaya, inaingia, inasema neno lake, inatoka.

Saa za studio zilikuwa ghali, kwa hiyo walifanya mazoezi ya kila wimbo hadi ukaiva kabla hawajaingia. Ndiyo maana husikii kusitasita popote.

Swali lako la tatu nawaachia wengine. Lakini ndiyo, mzee hakuchanganya.

BiSanturi alijibu:

ZamuYaUsiku mwanangu, nimesoma habari za mzee huyo mara tatu. Mungu akulipe kwa kusimama na shuka mikononi ukasikiliza.

Walikuwa wameshaachana, ni kweli tupu. Desemba 1967 walikuwa wamekwisha, na albamu ikatoka Aprili 1968. Sababu haikuwa ugomvi. Ilikuwa njaa ya kawaida. Mrabaha wa nyimbo huenda kwa mtunzi, na watunzi walikuwa wawili tu, Rod na Chris. Katika nyimbo 12 za albamu hii tano ni za Rod na saba za Chris. Wale watatu wengine, yaani Colin Blunstone mwimbaji, Paul Atkinson wa gitaa na Hugh Grundy wa ngoma, waliishi kwa malipo ya maonyesho. Miaka miwili nyimbo hazipandi chati, na maonyesho yakapungua. Paul alikuwa mtu wa kuoa. Walitoa Care of Cell 44 kama santuri ndogo mwishoni mwa 1967 wakiwa na matumaini makubwa, Uingereza haikuigusa. Mtu mwenye nyumba ya kulisha anasubiri mpaka lini? Mimi siwalaumu hata kidogo, wala Paul simlaumu.

Ukitaka kuiona hiyo hali isikilize Time of the Season ukijua walivyoirekodi. Colin alishachoka, Rod anamwelekeza studioni namna ya kuimba kila mstari, na huo ulikuwa wimbo mpya hawajauzoea. Colin akamwambia kama anaujua sana aje auimbe mwenyewe. Rod akamjibu kuwa yeye ndiye mwimbaji, asimame palepale aimbe. Akaimba. Sauti ile laini, iliyotulia kama haina shida duniani, ilitoka kwa kijana aliyekuwa na hasira. Kila nikiusikiliza namsikia akimeza hasira yake vizuri, na nampenda zaidi.

Ukaja muujiza uliochelewa. Al Kooper, mwanamuziki wa Marekani, alikuwa ameanza kazi kwenye kampuni ya Columbia. Alirudi kutoka London na rundo la santuri, akazisikiliza zote, hii ikamsimamisha. Akaenda kwa wakubwa wake akawaambia lazima iuzwe Marekani. Wao walikuwa wameshaamua kuiacha. Wakamkubalia, wakaitoa kupitia tawi dogo liitwalo Date. Tena wakaanza kwa kuchagua Butcher's Tale, ule wimbo wa mchinja nyama aliyepelekwa mstari wa mbele wa vita mwaka 1914, wakidhani Wamarekani wataulinganisha na Vietnam. Wimbo mzito wa kinanda cha kukanyaga, Chris anauimba mwenyewe kwa sauti inayotetemeka. Ni wimbo mkubwa, lakini nani angeucheza redioni asubuhi? Haukwenda popote. Ilipotoka Time of the Season ndipo moto ukawaka, na kufikia Machi 1969 ilikuwa namba 3 kwenye chati ya Billboard.

Sasa fikiria, mwanangu. Wimbo unapanda Marekani na bendi haipo. Colin alikuwa ameajiriwa katika ofisi ya bima hapa Uingereza. Rod na Chris walikuwa wameshaanza kujenga bendi nyingine, ile iliyokuja kuitwa Argent. Waliletewa fedha ili warudiane, wakakataa, kwa kuwa kazi mpya walishaipa neno lao. Hapo wajanja wakaona mwanya. Marekani kukazuka bendi za uongo zikizunguka kwa jina la The Zombies. Moja ilitoka Texas, na ndani yake walikuwamo Dusty Hill na Frank Beard, ambao baadaye walikuwa theluthi mbili ya bendi ya ZZ Top. Watu wakalipa viingilio kuwaona vijana ambao hawajawahi hata kufika St Albans. Hili limeniuma miaka yote. Waliofanya kazi wako ofisini wanaandika bima, na wasioijua kazi wanapigiwa makofi.

Swali la pili nalijibu kwa ufupi. Rudi nyuma, mwanangu, usiende mbele. Anza na She's Not There. Ilirekodiwa tarehe 12 Juni 1964 kwenye studio za Decca kule West Hampstead, siku mbili kabla Rod hajatimiza miaka 19. Usiku ule fundi mitambo alikuwa amelewa hata akashindwa kuendelea, ikabidi msaidizi wake ashike usukani. Msaidizi huyo alikuwa Gus Dudgeon, ambaye baadaye alikuja kutayarisha albamu kubwa za Elton John. Sikiliza besi ya Chris na ngoma za Hugh zinavyozungumza mwanzoni, halafu Colin anaingia na pumzi yake. Hapa nyumbani kwao ilifika namba 12, Marekani namba 2. Ikaja Tell Her No, Marekani namba 6, Uingereza namba 42. Arobaini na mbili! Wimbo ule! Hapo ndipo unapoiona bahati yao yote, kwao hawakuonekana.

SautiYaPili alijibu:

Bi Santuri shikamoo. Umemaliza kila kitu, mimi naongeza mawili.

Kwanza, KinandaChaKale, nakubali mono kwa mzee huyu. Lakini kwa mwenye masikio mawili, usimkataze stirio ya Hung Up on a Dream. Mellotron inapofunguka upande mmoja na gitaa la Paul likajibu, mtu anaona nafasi ya chumba kile cha Abbey Road. Nimekuwa na zote mbili kwa miaka na sijaweza kuuza hata moja.

Pili, nilikuwepo Shepherd's Bush Empire, London, Machi 2008. Ilikuwa miaka 40 tangu albamu itoke, na hawakuwahi kuipiga nzima mbele ya watu hata siku moja, kwa sababu waliachana kabla. Paul Atkinson alishafariki mwaka 2004. Wanne waliobaki wakapanda jukwaani: Colin, Rod, Chris, Hugh. Nyimbo zote 12 zikapigwa kwa mpangilio wake. Walileta watu wa kuongeza sauti na vinanda ili kila kilichomo kwenye santuri kisikike. Rod alikuwa amesema hadharani kwamba hataki noti hata moja ipotee.

Nilisimama karibu na mwanamume wa makamo aliyeshika jalada la zamani kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Hatukusemeshana mpaka This Will Be Our Year. Hapo akageuka akaniuliza kama naelewa kwamba wimbo huu wa kuanza mwaka mwema umesubiri miaka arobaini. Nilimjibu naelewa. Colin alikuwa na miaka 62, na noti zile za juu alizifikia kwa ufunguo uleule wa zamani. Mimi nimeona waimbaji wengi wakishusha nyimbo zao kadiri umri unavyopanda, na hakuna aibu katika hilo, lakini yeye hakushusha.

Watu husema bendi hii imesahauliwa. Si sawa kabisa. Machi 29, 2019 waliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki wa rock, kule Brooklyn, New York, Susanna Hoffs wa The Bangles akawatambulisha. Paul Weller, mwanamuziki wa Uingereza, amekuwa akiitaja albamu hii tangu ujana wake kwa kila aliyemsikiliza. Ila utaona namna walivyofika huko. Hakuna kampuni iliyowabeba. Mtu alimwazima rafiki yake, rafiki akamrekodia mwingine kwenye kanda, huyo akaanzisha bendi akaitaja kwenye mahojiano. Mimi mwenyewe niliazimwa, na yule aliyeniazima nilimrudishia baada ya miaka miwili, kwa shingo upande.

Rod alipata kiharusi mwaka 2024 akaacha kusafiri na bendi. Kwa hiyo wewe uliye Hertfordshire, tembea St Albans kwa niaba yetu. Blacksmiths Arms, barabara ya St Peter's Street. Nje ya baa hiyo ndipo walipokutana vijana hao mwaka 1961 wakaenda kwenye mazoezi yao ya kwanza. Colin alikuja na pua iliyovunjika na macho mawili meusi kutokana na raga, Rod akadhani ameletewa jambazi. Na siku hiyo mpango ulikuwa Rod aimbe, Colin apige gitaa! Ni wakati wa mapumziko tu ndipo Rod alipokalia piano iliyokuwa pembeni, Colin akashangaa mtu huyu anataka kusimama aimbe kwa nini. Baadaye Colin naye akaimba wimbo wa Ricky Nelson, mwimbaji wa Marekani, kwa kujipitishia muda, Rod akamwambia basi wewe ndiye mwimbaji. Wakabadilishana nafasi, na hapo ndipo bendi ilipopatikana.

ZamuYaUsiku aliandika:

Bi Santuri, shikamoo. Na ninyi wengine, ahsanteni sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na habari kamili.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda St Albans kwa treni. Blacksmiths Arms ipo, na ukutani kuna kibao cha buluu cha kuwakumbuka. Watu walikuwa wanapita na mifuko yao hawakitazami. Nilisimama pale kwa muda nikijaribu kumwona kijana mwenye macho meusi na pua iliyofungwa plasta, na mwingine anayemwogopa. Nikaendelea hadi kanisa kuu. Kwaya haikuwapo saa ile, kulikuwa na mtu mmoja tu anajaribu ogani, anapiga sehemu moja anarudia. Nilikaa nyuma. KinandaChaKale, nadhani nilielewa ulichokisema. Noti moja ikiachwa mle ndani haifi upesi, inakaa juu ikisubiri nyingine ije ikae nayo.

Nimemuuliza bintiye. Aliimba kwaya, ndiyo. Si kanisa kuu. Kanisa dogo la mtaani kwao, kuanzia miaka minane hadi sauti ilipovunjika. Binti hakuwahi kulifikiria hilo kwa miaka mingi. Alikaa kimya kwenye simu kisha akaniomba nirudie jinsi babake anavyoimba, nikamwelezea tena kila kitu, polepole.

Tumenunua mono. Siku ya kuzaliwa ilikuwa Jumapili, binti na wajukuu walikuja mchana, keki ikakatwa, mzee alikuwa mbali kidogo siku hiyo. Alimshika mjukuu mkono lakini hakumtaja jina. Santuri binti aliniachia mimi. Alisema iwekwe usiku, saa zake za kawaida, asije akababaika na watu wengi.

Saa tatu na nusu nikaiweka. Sikusogeza spika yoyote. Ilipoanza Care of Cell 44 alifumba macho kama siku zote, lakini hakuimba. Nikaogopa. Nikadhani nimemwondolea kitu alichokizoea, kwamba mikwaruzo ya santuri ya zamani ilikuwa sehemu ya wimbo wake. Akasikiliza wimbo wote wa kwanza na wa pili bila kutoa sauti, uso ameuelekeza kwenye spika ya kulia. Katika wa tatu, Maybe After He's Gone, nikaona vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya blanketi. Vilikuwa vinafuata besi. Miezi minne sijamwona akifuata besi. Nadhani hakuwa akiisikia vizuri.

Ikaja Beechwood Park. Mimi najua mahali pale inaporuka, mwili wangu wenyewe umeshajifunza kukaza. Nikamtazama uso. Gitaa likapita, ubeti ukapita, pale palipokuwa panakatika sauti ya Colin ikaendelea mbele bila kizuizi, na mzee akaingia chini yake na sauti yake ya katikati, macho yamefumbwa, wala hakutazama mlango.

Nimeshaagiza She's Not There. Wameniambia itafika Jumanne, na Jumanne niko zamu.